Uzi wa siye tunaoweka kidonge chini ya ulimi: kichwa, kizunguzungu na ile "1x2" ya kwenye bahasha

Mzee wa Baiskeli

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mie ni mstaafu, nilikuwa karani wa mizigo bandarini hapa Tanga. Umri 61, makazi Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Huu mwaka wa tatu natumia dawa za anjaina, ule ugonjwa wa kifua kubana kwa sababu mishipa inayoulisha moyo wenyewe imeziba kidogo kidogo. Juzi msibani Makorora nimekaa mkeka mmoja na wazee wawili wenye dawa kama zangu. Mmoja kaziacha kabisa, mwingine anazimeza kimakosa, kosa lilelile nililolifanya mie. Nikaona haya si mambo ya kunong'onezana kwenye tanga la mtu, bora niyaweke hapa.

Karibu mwaka mzima nilijitibu vidonda vya tumbo ambavyo sikuwa navyo. Nikitoka Ngamiani na baiskeli kwenda Raskazone, upepo wa kusi ukinipiga usoni, kifua kinakaza hapa katikati kama mtu kanikalia, kisha kinapanda mpaka taya ya chini. Nikishuka nikasimama dakika tano, kinaachia. Nikifika nyumbani nanywa maziwa, natafuna magnesiamu, nasema asidi hiyo. Mke wangu ndiye aliyeshtuka: "Asidi gani inayongoja mpaka upande baiskeli?"

Kupimwa, moyo. Nikapewa aspirini ndogo, dawa ya kupunguza mapigo, dawa ya mafuta ya kwenye damu, na mbili ninazotaka tuziongelee. Ya kwanza ya kumeza kila siku, isosobaidi mononitrati ya miligramu 20. Ya pili vidonge vidogo mno vya nitrogliserini, kwenye kichupa cha kioo, vya kuweka chini ya ulimi kifua kikishika.

Sasa kichwa. Kusema kiliuma ni kukipunguzia, kiligonga. Kila pigo la moyo nalisikia hapa kwenye paji la uso. Mtoto wa jirani akipiga kengele ya baiskeli barabarani, mie ndani naona ngoma ya mdumange imehamia chumbani kwangu. Uso wa moto, masikio ya moto. Siku ya tatu nilikuwa nimesimama mlango wa choo na kile kipakti mkononi nikitupe. Nikampigia nesi wa kliniki kwanza, akaniambia: "Mzee, mishipa ya kichwani nayo inafunguka, ndiyo hayo unayoyasikia. Meza panado, nipe wiki mbili." Siku ya tisa nikaamka hakuna kitu. Mpaka leo.

Ila kosa kubwa lilikuwa la saa. Kwenye bahasha pameandikwa "1x2". Kijana wa duka la dawa (silitaji) akanitafsiria: asubuhi na usiku, mzee. Basi saa mbili asubuhi kimoja, saa mbili usiku kimoja, kama zamu ya bandari. Wiki za kwanza raha mustarehe. Halafu kifua kikarudi taratibu, na mie dozi sijakosa hata moja! Nikajua ugonjwa umepanda daraja, nikaanza kuwausia watoto. Kumbe hii dawa ukiiweka mwilini mchana na usiku, mwili unaizoea, haufunguki tena. Daktari hakuniongezea kidonge. Cha pili akakitoa saa mbili usiku akakileta saa tisa alasiri, basi. Dozi ileile. Wiki haikuisha nikafika Raskazone bila kushuka.

Aliye na la kwake alilete. Aliye na swali aulize, nitajibu ninalolijua.

Binti wa Sahare

Shikamoo mzee. Umeniliza asubuhi yote hii. Mama yangu (67, ana sukari pia) kaandikiwa hiyohiyo wiki iliyopita. Kameza siku mbili akasema "mwanangu hii dawa inataka kuniua kabla ya ugonjwa," kaificha chini ya godoro. Nimeikuta leo natandika. Kichwa ndicho kilichomshinda. Nimrudishie tu? Na hiyo panado anameza ngapi, maana anapenda diklofenaki, anasema panado ni ya watoto.

Mfamasia wa Zamu

Binti wa Sahare, diklofenaki muondolee kabisa nyumbani. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo dawa za aina hiyo zinaongeza hatari ya shambulio la moyo, na akiwa na sukari zinamwelemea figo pia. Parasetamoli, ndiyo hiyo panado, ndiyo ya kichwa hiki, kwa kipimo cha kawaida, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi nane kwa siku. Akiwa na tatizo la ini au ni mwembamba sana, uliza kwanza.

Kumrudishia, usimrudishie kimyakimya. Piga simu kliniki waambie kaacha siku kadhaa kwa ajili ya kichwa. Mara nyingi tunaanza na nusu dozi siku chache, kichwa kikizoea tunapanda. Watu wengi hawaambiwi hilo, ndiyo maana godoro za Tanga zimejaa nitrati, ndilo jina la jamii ya hizi dawa mbili za mzee.

Na wengine wote: usiikate ghafla baada ya kuitumia muda mrefu. Mishipa iliyozoea kufunguliwa ikiachwa ghafla inaweza kubana, na kifua kikarudi na hasira.

Kuhusu "1x2" ya mzee, ni kweli tupu. Kila siku mwili unahitaji kipindi cha saa 10 mpaka 14 ambacho nitrati imeshuka kwenye damu, ndipo kesho yake ifanye kazi tena. Kwa hivyo mononitrati ya kawaida ya mara mbili hupewa kama alivyosema, asubuhi na baada ya kama saa saba. Lakini iko nyingine ya kutoka polepole, hiyo humezwa mara moja asubuhi, nzima, haitafunwi wala haikatwi. Msianze kuhamisha saa kwa kusoma uzi. Chukueni bahasha mkaulize.

Mpasua Mawe

Mzee wa Baiskeli, hiyo nitrogliserini si baruti hiyo? Mie niko machimbo ya mawe ya chokaa upande wa Pongwe, nikisikia "nitro" natafuta pa kujificha. Leo wazee wanaweka chini ya ulimi? Ukikohoa je?

Mzee wa Baiskeli

😂 Nikikohoa utanisikia Pongwe huko.

Mfamasia wa Zamu

Mpasua Mawe, umetania lakini umegusa penyewe. Ni kitu kilekile. Aliyeitengeneza mara ya kwanza ni Mwitalia Ascanio Sobrero, Turin, mwaka 1847. Alionja kidogo tu ulimini, kichwa kikamgonga, akaandika kuonya watu. Kwa hiyo kichwa cha mama wa Sahare kina umri mkubwa kuliko bandari ya Tanga ya Wajerumani. Alfred Nobel akaja kuitia kwenye dainamiti, ikamtajirisha, na mwaka 1896, mwaka uleule aliokufa, madaktari wa moyo wakamwandikia nitrogliserini aimeze. Mwenyewe aliona kichekesho. Kwenye kidonge imo kiasi kidogo mno, chini ya miligramu moja, imechanganywa na vitu vingine. Hailipuki hata ukiikalia.

Na hapa ndipo hadithi ya mzee ya saa inapopatikana. Wafanyakazi wa viwanda vya dainamiti walikuwa na ugonjwa wao wa Jumatatu. Wiki nzima wanavuta ule mvuke na kuushika kwa mikono, kufika Ijumaa kichwa hakiumi tena, mwili umezoea. Wakipumzika mwisho wa wiki, Jumatatu wakirudi kichwa kinawapasua upya. Wengine walikuwa wanajipaka kidogo kwenye utepe wa kofia Jumapili ili mazoea yasipotee. Wao waliyatafuta hayo mazoea, siye tunayakimbia. Ndiyo maana usiku tunaiacha.

Mpasua Mawe

Daah. Miaka kumi na mbili nashika baruti, hakuna aliyewahi kunisimulia hii. Heshima mkuu.

Chungwa la Muheza

Mnajitesa na kemikali. Kitunguu swaumu punje tatu, tangawizi, ndimu, chemsha, kunywa kikombe asubuhi. Babu yangu kafa na miaka tisini hajui kliniki inafananaje.

Nesi Mstaafu

Mwanangu wa Muheza, babu yako Mungu amrehemu, alikuwa na anjaina? Kama hakuwa nayo, basi hakupona kwa kitunguu, hakuugua. Kule kijiji cha pili nina hakika kuna babu alikunywa kitunguu hichohicho akafa na hamsini, wa huyo hamumtaji. Kitunguu ni kiungo kizuri cha samaki. Kifua kikishika, kitunguu mpaka kichemke mgonjwa kashapoa.

Mie nimefanya wodi miaka thelathini na nne, niseme la dharura, maana naona mnazungumzia kichwa tu. Kifua kikibana, KAA CHINI. Usisimame ukitafuta kidonge huku unazunguka chumba. Kaa, weka kimoja chini ya ulimi, usimeze, usitafune, kiache kiyeyuke. Angalia saa. Dakika tano bado kinauma, weka cha pili. Dakika tano nyingine bado, au kinazidi, jasho la baridi, pumzi inakatika, hapo hakuna tena cha kungoja, ni hospitali. Kama hukatazwi aspirini, tafuna ya miligramu 300 njiani. Na bajaji, siyo bodaboda, utaanguka barabarani. Nimewapokea watu waliomaliza kichupa kizima nyumbani kwa kuona haya kusumbua majirani usiku. Sumbueni majirani.

Na kwa nini ukae: dawa inafungua mishipa mwili mzima, damu inashuka miguuni, presha inaanguka. Aliyesimama anazimia.

Mzee wa Baiskeli

Nesi, hapo kwenye kuanguka nisimulie, japo najiumbua.

Baada ya kuhamishiwa saa tisa, siku za mwanzo nilikuwa nameza kidonge, natia udhu, natembea taratibu msikitini kwa sala ya alasiri. Siku hiyo ni kaskazi, joto la Februari mnalijua, na tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa chai ya rangi tu. Rakaa ya pili. Nainuka kwenye sujudu. Nikaona mkeka unarudi kunifuata. Nakumbuka mistari yake ya kijani na nyekundu, nakumbuka kidole gumba cha jirani yangu kina plasta, baada ya hapo sikumbuki. Nilipofumbua macho nimelazwa ubavu, mmoja ananipepea kwa kofia, mwingine ananisomea, na nyuma nasikia mtu anamwambia mwenzie, "Kapandisha huyu, ukoo wao una mambo."

Mie! Miaka thelathini bandarini sijapandisha hata cheo, leo nipandishe shetani.

Daktari akanipima presha nimelala, akanipima nimesimama, ikashuka vibaya. Akaniagiza maji zaidi msimu wa joto na kuinuka kwa vituo: kwanza kaa, hesabu mpaka kumi na tano, ndipo simama. Kidonge siku hizi namezea saa tisa nikiwa nimekaa, na alasiri nasali kwenye kiti wakati wa joto. Mwanzo niliona haya, kiti ni cha wazee. Imamu mwenyewe akakileta kwa mkono wake akakiweka safu ya kwanza, yakaisha.

Mwana wa Chuoni

Pole ami. Sala ya kukaa kwa mwenye udhuru haina shaka yoyote, ujira ni uleule inshaallah.

Niulize la Ramadhani kwa sababu mwaka jana mzee wangu alikataa kuweka kidonge mchana akisema atafungua. Tukabishana kifua kinambana. Nikaenda kuuliza kwa masheikh. Nikaonyeshwa kwamba Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanazuoni wa sheria za dini, ilikaa Jeddah mwaka 1997, ikaorodhesha vitu visivyofunguza, na kimojawapo kimetajwa kwa jina: vidonge vya kuweka chini ya ulimi vya kutibu anjaina, ilimradi mtu asimeze kile kinachofika kooni. Nikamsomea mzee. Akanyamaza, akasema "Jeddah wamesema?" Toka siku hiyo kichupa kiko mfukoni.

Hivyo vya kumeza ndivyo vinavyonitatiza. Saa mbili asubuhi na saa tisa zote ni mchana wa mfungo.

Mfamasia wa Zamu

Hapo ndipo ile ya kutoka polepole inapofaa, inamezwa mara moja wakati wa daku. Lakini si kila mtu anahamishika, na mwenye kifua kinachobana akiwa amekaa tu, au kinachozidi wiki hadi wiki, hana ruhusa ya kitabibu kufunga, amwendee daktari leo. Wengine nendeni kliniki wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Mkija siku ya kuamkia mfungo tutawapangia nini?

Kidume cha Pwani

Samahani wakuu naingia na swali. Nina rafiki yangu umri 54, anatumia hizo dawa. Ana mke wa pili, bado kijana. Sasa huyo rafiki anataka kujua zile za kuongeza nguvu, Viagra na hata vumbi la Kongo, anaweza kutumia siku moja moja tu? Kidonge cha moyo ataruka siku hiyo.

Jirani wa Chumbageni

Rafiki yako msalimie sana 😂😂

Nesi Mstaafu

Jirani nyamaza, mwache aulize. Swali hili ndilo linaloua wanaume na hawalitaji. Kidume, mwambie "rafiki" HAPANA. Mfamasia atakueleza kwa nini, mie nakwambia nimeona.

Mfamasia wa Zamu

Kidume, umefanya vyema kuuliza, na hapa hakuna wa kukucheka mwenye akili zake.

Nitrati ikiingia mwilini inatoa kitu kinachouambia mshipa fungua. Viagra na jamaa zake zinazuia ule ujumbe wa "fungua" usifutike. Ukiziunganisha, mishipa inafunguka bila wa kuifunga, presha inaporomoka mpaka moyo na ubongo vinakosa damu. Mtu anakufa kitandani. Kuruka kidonge siku moja si ulinzi: ukiwa umemeza Viagra hata mara moja, chini ya ulimi hapawekwi nitrati kwa saa 24, na kwa jamaa yake tadalafili ni saa 48. Sasa fikiria kifua kikikushika katikati ya hizo saa, na yale mambo yenyewe ndiyo kazi ya moyo, tunakupa nini?

Vumbi la Kongo ndilo linanitisha zaidi. Unga hauna maandishi, hujui kilichomo. Poda za nguvu za namna hii zimekutwa mara nyingi duniani zimechanganywa na dawa ileile ya Viagra bila kuandikwa. Mtu anajua kala mizizi.

Cha kuchekesha, Viagra yenyewe watengenezaji waliijaribu kwanza Uingereza kama dawa ya anjaina. Kifuani haikuwa na maana kubwa, wale wanaume wakaanza kueleza mambo mengine. Ikaruhusiwa Marekani mwaka 1998, na mwaka huohuo Tuzo ya Nobel ya tiba ikaenda kwa watu watatu waliogundua ujumbe ule wa "fungua" mwilini. Tuzo yenye jina la mtu wa dainamiti.

La muhimu: mwambieni daktari. Ziko njia nyingine, na wengine hubadilishiwa dawa ya kifua kabisa wakaepukana na nitrati. Na ikitokea umeshatumia, ukafika hospitali na kifua, sema mlangoni. Kuona haya dakika moja.

Kidume cha Pwani

Nimekuelewa mkuu. Rafiki yangu kanyamaza muda mrefu sana. Jumatatu ataenda kliniki.

Swali la mwisho la rafiki: anakunywa mnazi kidogo jioni.

Nesi Mstaafu

Kidogo gani? Pombe nayo inafungua mishipa na kushusha presha. Kwa mnazi wa hapa "kidogo" mnapima kwa ndoo. Glasi moja akiwa amekaa, daktari akijua, ni mazungumzo. Zaidi ya hapo atainuka aanguke kwenye mnazi wenyewe.

Kibibi wa Mwambani

Mie miguu inavimba jioni, viatu haviingii. Nayo ni hii dawa ya kifua? Natumia pia amlodipini ya presha.

Mfamasia wa Zamu

Kuvimba vifundo vya miguu mara nyingi kunaletwa na hiyo amlodipini kuliko nitrati. Lakini miguu kuvimba kwa mgonjwa wa moyo haihukumiwi mtandaoni. Ukiona na pumzi fupi usiku ukilala, au uzito unapanda siku kwa siku, usingoje tarehe ya kliniki.

Mzee wa Baiskeli

Nilisahau la kichupa, na ndilo nililolifanya kijinga kuliko yote.

Kile kichupa cha kioo kilikuwa kinanigongagonga mfukoni. Nikavihamisha vidonge kwenye kikebe cha ugoro cha marehemu baba, kizuri, cha bati, kinaingia mfuko wa shati. Nikatembea nacho miezi, jua la Tanga, jasho la baiskeli. Siku kifua kiliponishika pale karibu na soko la Mgandini, nimebeba muhogo na nazi kwenye kapu, nikakaa kwenye kizingiti cha duka, nikaweka kimoja. Kimya. Hakichomi, hakifanyi kitu. Nikaweka cha pili. Mwenye duka ananitazama, mie natazama muhogo. Kikaachia chenyewe kwa kupumzika, alhamdulillahi, lakini zile dakika sitazisahau.

Kumbe nitrogliserini inapaa. Inavukia, inaondoka kwenye kidonge, inabaki chokaa tu. Inataka kichupa chake cha kioo kilekile, kifuniko kimekazwa, usitie pamba wala dawa nyingine ndani, mbali na joto. Ukishafungua, wiki nane, kilichobaki tupa hata kama kimejaa. Siku hizi nikifungua kipya nabandika kipande cha plasta naandika tarehe. Kikebe cha baba nimerudishia ugoro.

Mfamasia wa Zamu

Niongeze, wengine wanapima uzima wa kidonge kwa kuchoma ulimini. Si kipimo cha kuaminika, wapo ambao hakiwachomi kabisa na dawa ni nzima. Angalia tarehe. Iliyo ya kupuliza haivukii namna hii, inadumu mpaka tarehe yake ya kuisha, mwenye uwezo aulizie.

Na kitu ambacho wengi hawaambiwi: unaweza kuiweka KABLA. Unajua kupanda ngazi za mahali fulani lazima kifua kishike? Daktari akikubali, kaa, weka kimoja, ngoja dakika chache, ndipo uende.

Binti wa Sahare

Narudi na habari. Tulienda kliniki na mama jana. Wamempunguzia mpaka nusu kwa wiki moja, halafu atapanda. Diklofenaki nimezikusanya zote, zilikuwa kwenye kopo la maharage. Leo siku ya pili kichwa kinamuuma lakini anasema "kinaumia mbali." Nilimsomea hadithi ya wale wa dainamiti wa Jumatatu, akacheka, akataka nimsomee tena ile ya msikitini. Samahani mzee. Anauliza ule mkeka ulikuwa wa msikiti gani.

Mzee wa Baiskeli

Mwambie mama yako mkeka ulishabadilishwa. Na namuombea dua, asiifiche tena, godoro halina anjaina.

Nesi Mstaafu

Mzee wa Baiskeli, umetufundisha wote wiki nane. Weye mwenyewe kichupa cha mfukoni sasa hivi umekifungua lini?

Mzee wa Baiskeli

Ngoja.

Nimeinuka, kwa vituo, nikaenda kukiangalia. Plasta ipo. Tarehe imefutika yote kwa jasho, imebaki alama ya bluu. Nahesabu kwa arusi ya mjukuu, nilikifungua wiki ileile. Arusi ina miezi mitatu.

Nesi Mstaafu

Naam. Na duka la dawa utakwenda na nini?

Mzee wa Baiskeli

Bajaji, mama. Baiskeli nimeiegemeza ukutani.